Njia ya Kurudi Kutoka Koventri

Mkuu wangu wa idara katika shule ninayofundisha hapa Riyadh ni Mwingereza mpole, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Ndiye aliyenitia kwenye balaa hili. Asubuhi moja, katika chumba cha walimu, alimwambia mwalimu wa hesabu, Mmisri, kwamba akiendelea kubadilisha ratiba bila kuuliza mtu, wenzake watampeleka Koventri. Mmisri wa watu akauliza kama nauli itatoka kwa shule. Tukacheka, kengele ikalia, nikadhani yamekwisha. Kumbe bosi amepata wazo. Alasiri akanijia na tabasamu lake: vipi nikiufundisha msemo huo darasani, maana yake na asili yake?

Maana yake haina taabu. Kumpeleka mtu Koventri, mji ulioko huko kwao Uingereza, ni kumnunia kwa pamoja. Mtu yupo, mnamwona, mnapishana naye mlangoni, lakini hamsemi naye. Hapigwi, hatukanwi, hafukuzwi. Ananyamaziwa tu, mpaka aanze kujishuku kama yupo. Sisi kwetu Mombasa hatuna haja ya mji wa mtu kwa jambo hilo. Mtu akinuniwa hununiwa palepale alipo, na mtaa mzima hujua kwa nini.

Hiyo asili ndiyo iliyonitoa roho. Nikafungua kitabu cha kwanza: zamani Waingereza walipopigana wenyewe kwa wenyewe, askari wa mfalme walitekwa wakapelekwa Koventri, na watu wa mji ule, waliokuwa upande wa bunge, wakakataa kuwasemesha. Vizuri. Kitabu cha pili: la, wenyeji wa Koventri hawakupenda askari wa aina yoyote, na mwanamke akionekana anazungumza na askari, jina lake limekwisha, basi askari akipangiwa kambi ya huko alijua atakaa bubu. Haya. Cha tatu: si mji hata kidogo, ni mti wa kunyongea watu, uliokuwa na jina linalokaribiana na la mji, na watu wakachanganya baadaye. Hadithi tatu, na hakuna hata moja yenye shahidi.

Nikamfuata bosi. "Ipi ya kweli?"

Akainua mabega. "Kusema kweli, hakuna ajuaye."

Na alisema kwa raha! Ala! Watu wameandika kamusi nene kama matofali, lugha yao tumeisoma kwa viboko, na wenyewe hawajui neno lao limetoka wapi, tena hawaoni haya. Nikaenda darasani na hasira zangu, nikawaeleza wasichana hadithi zote tatu. Mmoja wa nyuma, mwenye miwani, akainua mkono. "Mwalimu, na mtu akishapelekwa, anarudije?"

"Kitabu hakisemi," nikamjibu. "Kaa chini."

Wiki hiyohiyo mdogo wangu akanitumia ujumbe wa sauti kutoka Jeddah.

Mdogo wangu huyu ni wa tumbo moja nami. Anafanya kazi ya nyumbani mtaa wa Al-Safa, na analala humohumo kwa mwajiri wake. Waajiri walikuwa wawili, mume na mke, watu wazima ambao watoto wao wamekwisha kuoa na kuolewa. Yule mume, aliyemwita baba, alifariki ghafla mwaka jana. Tangu hapo kafili wake, yaani mdhamini wake kisheria, ni yule mama mjane, madam. Maana yake ni kwamba ruhusa yoyote ya kusafiri lazima itoke kwa madam, na hakuna mwingine wa kuitoa.

Na ruhusa ilikuwa inatakiwa kweli. Mdogo wangu ana mtoto mmoja tu, binti, aliyelelewa na mama yetu Mombasa. Binti ameposwa, harusi imepangwa mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na ametuma salamu kwa kila mtu katika ukoo: mama yake asipokuja, nikahi isomwe msikitini, yamekwisha. Hapambwi, hatoki ukumbini, hakai kwenye kiti mbele za watu bila mama yake. Watu wanasema ukaidi huo ameutoa kwangu. Basi kwa miezi nilikuwa namwambia mdogo wangu: omba ruhusa, omba mapema, hawa watu wanataka kuambiwa mapema. Naye hujibu: "Inshallah, dada." Tulikuwa tumeshaingia Shaabani, na ruhusa haijaombwa.

Ule ujumbe wa sauti ndio uliosema kwa nini. "Dada, nitamwombaje? Madam hanisemeshi."

Nikampigia papo hapo. Tangu lini? Tangu baba afe. Miezi yote hiyo? Yote. Hata salamu? Hata salamu, mafi kalam, hakuna maneno kabisa. Akitaka kitu humwambia binti yake mkubwa anayekuja mchana, binti aje jikoni aseme. Siku ambazo binti haji, madam hugonga kikombe kwa kijiko, na mdogo wangu hukimbia kwenda kuona anataka nini.

Mori ukanipanda hadi masikio yakawaka. Mimi huku Riyadh naumiza kichwa na Koventri ya vitabuni, na ndugu yangu yuko ndani ya Koventri yenyewe, Al-Safa, anagongewa kijiko! Nikakata tikiti ya ndege ya Alhamisi.

Tulikutana Kandara, mtaa mwingine wa Jeddah, siku ya Ijumaa, baada ya swala, kwenye mkahawa mdogo karibu na nyumba ya wageni niliyofikia. Mtaa wenyewe ulikuwa umejaa kila kabila lenye siku ya mapumziko. Dereva wao ndiye aliyemleta; madam hakumkataza kutoka, wala hakumruhusu, alimwachia tu. Nikamwagizia wali na kuku. Hakula. Nikaanza.

"Umemkosea nini?"

"Sijui, dada."

"Fikiri."

"Nimefikiri mpaka kichwa kinaniuma."

"Basi muulize! Mdomo unao, Kiarabu unacho. Mficha uchi hazai, mwenzangu."

"Siwezi kumuuliza. Bado hajatoka."

"Hajatoka wapi?"

Akanitazama kama mimi ndiye mpumbavu. "Eda."

Nikaweka kijiko chini. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na ile ya madam ilikuwa imekwisha kitambo. Nikamwambia hivyo. Akasema anajua imekwisha, lakini hakuna aliyemtoa.

Hapo nikakumbuka jambo nililokuwa nimelisahau, maana mimi nilisoma shule za bweni, ni yeye aliyekulia kwa bibi yetu Mji wa Kale. Babu alipokufa, bibi alikaa kizuka, kama wanavyoitwa wajane wakiwa edani. Alikaa nyuma ya pazia na nguo nyeupe, na nyumba ile ilikuwa na sheria zake. Kizuka hasemeshwi. Unampelekea uji, unauweka, unarudi kinyumenyume bila kumkazia macho na bila kutamka neno, mpaka atolewe. Na siku ya kutolewa wanakuja wanawake wazima, wanamwosha, wanamfukiza udi, wanamvika leso mpya. Aliye mkubwa kuliko wote anamshika mkono, anamvusha mlango kwa mguu wa kulia na kumwambia karibu nje. Ndipo watoto tunaruhusiwa kumwamkia. Mdogo wangu alikuwa mtoto, akayashika hayo moja kwa moja, akayabeba mpaka Jeddah.

"Kwa hiyo unangoja waje wanawake wa Mji wa Kale kumtoa madam wa Al-Safa?"

"Nangoja wa kwao wamtoe. Hawakuja. Nami sijui kwao wanafanyaje."

"Na pole? Ulinituma nikutafutie maneno ya pole ya Kiarabu siku ile baba alipokufa. Nikakurekodia. Hukumpa?"

Akainama akachezea uma. "Niliyajifunza yote. Nilipofika nayo mlangoni nikamkuta ameshakaa chini, amejifunika, kimya. Nikaona ameshakuwa kizuka. Nikarudi nayo jikoni." Kisha akasema polepole, "Bado ninayo."

Yarabi! Nilitaka kumtikisa mabega na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote kati ya hayo. Nikamwambia kesho nakuja Al-Safa mwenyewe. Akanishika mkono kwa nguvu. Dada, usije ukamgombeza madam, mimi ndiye nitakayebaki naye. Nikaahidi. Nitampa mkono wa pole tu, nikasema, kama jamaa yake yeyote. Niliahidi kwa mdomo, maana moyoni hotuba nilikuwa nayo tayari, ndefu, na ndani yake mlikuwa na kijiko na kikombe.

Jumamosi alasiri nikaenda. Nilibeba tende, upuzi mtupu, kupeleka tende Saudia, lakini mikono mitupu sikulelewa nayo. Mdogo wangu akanifungulia mlango huku macho yake yakinisihi. Madam alikuwa sebuleni, mapazia yamefungwa mchana kweupe. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyomfikiria wakati nikimkasirikia. Nikamwita khala, yaani mama mdogo, kama watu wa Jeddah wanavyowaita wanawake wakubwa, nikampa pole yangu, akaipokea vizuri. Kisha akachukua kijiko akagonga kikombe. Nikakaza meno.

Mdogo wangu akaingia na sinia ya kahawa. Akaiweka. Akarudi kinyumenyume, macho kwenye zulia, akatoka. Hakuna aliyetamka neno. Nikajikaza. "Khala," nikaanza, "kwetu sisi mtu akikosea, huambiwa kosa lake..."

Akainua kiganja kuninyamazisha. "Wewe ni dada yake?"

"Naam."

"Basi niambie wewe. Nimemkosea nini?"

Hotuba yangu yote ilikuwa imejengwa juu ya swali la upande wa pili.

"Watu wote walikuja kunipa pole," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuyasema haya peke yake mara nyingi. "Majirani. Jamaa tuliogombana nao. Hata dereva alisimama pale mlangoni akalia. Huyu tunayeishi naye, anayejua mzee alipenda chai yake vipi, hakuniambia neno. Siku ile nilimwona amefika mlangoni, nikasema sasa anakuja. Akageuka akaenda zake. Tangu siku hiyo ananiletea chakula, anaweka, anarudi kinyumenyume kama anayemkimbia maiti. Ningemwanza mimi? Mimi ndiye mkubwa, na mimi ndiye niliyefiwa. Basi nikasema huyu amenichoka. Nimemwambia binti yangu amtafutie nyumba nyingine, karatasi zihamishwe mwezi huu. Halas."

Karatasi kuhamishwa ni kafili mpya, na kafili mpya hampi mtu likizo kabla hata hajamjua jina. Binti yetu angekaa Mombasa na hina yake, akimngoja mama asiyekuja. Na kwa kosa la nani? La hakuna! Yupi alimnunia mwenzake kwanza? Hakuna! Vitabu vya Waingereza angalau vilikuwa na askari na mti wa kunyongea. Hawa wawili walinuniana miezi na miezi kwa adabu tupu.

"Toba, khala!" Nilipiga kelele, ahadi au si ahadi. "Huyu anakuheshimu!" Nikamweleza kwa Kiarabu changu cha sokoni: bibi yetu, pazia, uji, kurudi kinyumenyume, wanawake, udi, mguu wa kulia. Alinisikiliza huku nyusi zikipanda.

"Dini haisemi hivyo," akasema. "Mjane anazungumza na watu. Nani aliwaambia hakai na watu?"

"Si dini, khala! Ni bibi yetu!"

"Na mimi ningemjuaje bibi yenu?"

"Na yeye angejuaje kwamba unamngoja?"

Akageukia lile pazia. Nikasimama, nikamwita mdogo wangu kwa sauti ya kuita kondakta. Akaja mbio, mikono inadondosha maji ya kuoshea vyombo. Nikamwambia madam si kizuka, eda ya kwao hujiishia yenyewe, hakuna anayetolewa, na miezi yote hii amekuwa akiingoja pole yake. "Sasa sema," nikamwambia.

Hakusema. Nikamgeukia madam. "Khala, sema wewe." Mmoja akatazama zulia, mwingine akatazama pazia.

"Semeni, jamani!"

Wapi! Basi nikaichukua sinia ya kahawa, asije mmoja wao akapata kisingizio cha kumimina kitu, nikatoka, nikaufunga mlango. Nikasimama ukumbini na sinia mkononi, mimi mwalimu wa watu.

Nikategea sikio mlangoni. Nilikuwa nachemka. Nikasema moyoni, wakitoka humu hawajasemezana nawaacha wote wawili, narudi Riyadh, na binti na apambwe na ukuta. Na wakati huohuo nilikuwa naomba Mungu, nikikumbuka kila dua niliyofundishwa.

Kisha nikasikia sauti ya mdogo wangu. Taratibu, kwa Kiarabu, na ulimi wa Mombasa kwenye kila herufi. Adhama Allahu ajraki. Mungu akuzidishie ujira kwa subira yako, amsamehe maiti wako, autulize moyo wako. Aliyasema yote, hakuacha hata moja, kama nilivyomrekodia siku ile. Yalikuwa yamekaa naye jikoni miezi yote hiyo. Nikamsikia madam analia, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu, na mdogo wangu naye akaanza.

Mlango ulipofunguliwa, mdogo wangu alikuwa amemshika madam mkono. Alikuwa anamtoa. Hapakuwa na udi wala leso mpya, lakini alihakikisha mguu wa kulia ndio umevuka kwanza, na madam akafuata kwa utii, kama aliyekuwa akijua siku zote kwamba ndivyo inavyofanywa.

"Karibu nje, mama," mdogo wangu akasema. Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo.

Madam akajifuta macho kwa ncha ya shela, akaniona pale. "Kahawa imepoa hiyo," akasema. "Na harusi yenyewe ni lini? Kila siku nasikia simu jikoni, harusi, harusi, vigelegele, na nyumba nzima hakuna wa kuniambia!"

Wallahi nilitaka kujipiga sinia ile kichwani.

Ruhusa ilitolewa siku ileile kwenye simu ya binti yake, kwa muda mfupi kuliko wa kupasha kahawa. Yalla, aende, lakini arudi, madam akasema, nyumba nyingine hakuna. Likizo yangu mimi ndiyo iliyokataliwa. Mimi niliyeomba mapema, waziwazi, kwa mdomo mpana kama ninavyowafundisha watu, niliambiwa na bosi kwamba anasikitika sana, sana kabisa, lakini ni wiki ya mitihani.

Kwa hiyo siku bibi arusi wetu anatolewa ukumbini nilikuwa chumba cha walimu, Riyadh, na rundo la karatasi za kusahihisha. Ilikuwa Jumapili alasiri, siku ya kazi huku kwetu. Kwenye kupamba picha haziruhusiwi, kwa hiyo mdogo wangu aliifunika simu kwa leso na kuniachia sauti tu. Nikaiweka sikioni. Nikasikia tarumbeta, nikasikia kina mama wakiambizana wasogee, kisha vigelegele vikalipuka na nikajua binti ametokea, na mama yake yuko ubavuni pake. Katikati ya vigelegele vile vya kwetu nikasikia kimoja kisicho cha kwetu, chembamba, cha Kihijazi, kikitoka kwenye simu nyingine kulekule ukumbini, kikipanda na kukatika na kupanda tena. Alikuwa madam, Al-Safa, peke yake sebuleni kwake.

Bosi akatokea mlangoni, akaniona machozi. Akaomba radhi kwa kuingia. Akaniuliza kama mimi ni mzima, kisha, maskini, kwa kutaka kunichangamsha, akaanza kunieleza kwamba amepata asili nyingine ya Koventri, ya nne, na huenda hii ndiyo yenyewe.

"Nyamaza, bosi," nikamwambia. "Nasikiliza."